Mashuka ya Uzi Mwekundu

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Niliigeuza nyuma mbele yenu nikaangalia betri, haikuwamo. Mkacheka, mkasema Bi Mishi hataacha. Kweli, sitaacha. Betri mlileta kesho yake, nashukuru. Na kwa kuwa mliniomba niandike machache kuhusu kazi ya mfuko wetu wa hisani pale hospitalini kabla sijayasahau, naandika, ili na nyinyi mjifunze kugeuza vitu nyuma.

Vyeo sitavigusa. Ngazi ya mfuko ilikuwa na vidato viwili, na cha juu alikikalia Bwana Mutiso mpaka alipostaafu. Mshahara nao ulikuwa wa hisani, kama kazi yenyewe.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nauza vitunguu na nazi sokoni Malindi. Sista Kadzo, nesi mkuu wa wodi ya wanaume, mtu wa Kaloleni, alikuja kununua vitunguu vya supu ya wagonjwa. Tulibishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa meza yangu. Mwisho akalipa bei niliyoitaka, akaenda zake. Baada ya siku chache akarudi, na safari hii hakuwa na kikapu.

“Mishi,” akaniambia, “ulimi huo unauzia vitunguu tu?”

“Na nazi.”

“Njoo ununulie hospitali. Kila siku tunanyonyolewa na watu wenye ulimi kama wako.”

Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya, nikidhani nitapewa meza. Nikapewa chumba kilichokuwa kikiwekwa magongo mabovu, kando ya jiko. Bwana Mutiso, katibu wa mfuko, mtu wa bara aliyenyoosha suruali mpaka ungeweza kukata mkate kwa mkunjo wake, akanieleza kazi. Serikali inaleta madaktari, dawa na vitanda. Sisi tunaleta yale ambayo aliyeijenga hospitali hakuyakumbuka. Mgonjwa amepona lakini hana nauli ya kurudi kwao. Mama amelazwa na mwanawe akiwa na leso moja tu, ile aliyokuja nayo. Manesi wa zamu wanakunywa maji ya moto na kuyaita chai. Na daktari wa utafiti, kijana mpole mwenye miwani, ameletewa darubini nzuri kutoka mbali lakini hana vikopo vya kutilia makohozi.

Kadzo alinifundisha kwa njia nyingine. Alinipeleka wodini kwenye kitanda kitupu, akaniambia nilale.

“Sista, mimi siumwi.”

“Lala.”

Nikalala, na viatu nikavua.

“Unaona nini?”

“Dari. Na buibui mmoja.”

“Mgonjwa anaona hayo hayo kutwa nzima. Basi sikiliza. Kitu chochote utakachomnunulia mgonjwa, kilalie kwanza. Godoro, mto, blanketi. Ukishindwa kukilalia, kishike, kinuse, kitie mdomoni. Usinunue kwa macho ya duka.”

Hilo ndilo somo langu lote la kazi. Mengine yaliyofuata yalikuwa mazoezi.

Vile vikopo nilivipata Muyeye, kwa muuza mafuta ya nywele aliyekuwa na shehena ya makopo madogo yenye vifuniko vya kubana. Nilimwambia ni vya kuwekea vitu vya hospitali. Akashusha bei kidogo. Nikamwambia vikivuja nitamrudishia. Akashusha tena. Baadaye alipojua vinatiwa nini, alikuja mbio mpaka langoni kuniambia kwamba hata vikivuja nisimrudishie, hisani yake imekamilika.

Mashuka tulikuwa tukiyapata kwenye hoteli za ufukweni. Wageni wakiondoka na msimu ukiisha, mameneja walitupatia yaliyochakaa. Niliyafungua moja moja juani, maana meneja mmoja alikuwa hodari wa kukunja tundu likaingia ndani. Wagonjwa wetu walilala juu ya majina ya hoteli ambazo wasingeruhusiwa kupita hata mlangoni. Mzee mmoja aliniuliza kama chakula cha jioni nacho kinatoka huko huko. Nikamwambia hicho bado tunakipigania.

Sasa nifike kwenye ile habari ambayo kila mwaka nawasimulia nusu.

Daktari wa utafiti alikuwa akishughulikia kifua kikuu. Siku zile matibabu yalikuwa marefu, na miezi ya mwanzo ni sindano kila siku, kwa hiyo wagonjwa walilazwa. Yeye alitaka kujua kama kwa mpango mpya wa dawa mtu angepona kwa muda mfupi zaidi. Mfuko ulimnunulia vikopo, mafuta ya taa ya friji, na petroli ya pikipiki ya kuwafuata wagonjwa makwao. Lakini yote hayo yalisimama juu ya jambo moja: mgonjwa akianza, amalize. Akikatiza, ugonjwa unarudi na ukaidi, na watu anaolala nao chumba kimoja wako hatarini.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa Mzee Twaha wa Mambrui, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya wanaume wa mji ule, na nusu nyingine, alisema, walivaa za kudanganyiwa. Alikuja akiwa mifupa. Baada ya majuma kadhaa ya sindano alianza kulalamikia chai, na Kadzo akasema huyo sasa anapona.

Mwaka ule hoteli zilichelewa kutoa mashuka, na wafadhili walikuwa wanakuja kutembelea wodi. Mimi nilikuwa Mombasa nikifuata magodoro. Kadzo alikuwa likizo kwao Kaloleni. Bwana Mutiso akaona aibu ya vitanda vitupu, akaingia mjini mwenyewe, akapata duka lenye majora ya kitambaa cheupe kizuri sana. Bafta.

Kwa asiyejua: bafta ni kitambaa cheupe chepesi. Watu hushonea hili na lile, lakini duka lile lilikuwa la vifaa vya maziko, na mjini kwetu hakuna asiyelijua. Bafta yake ni ya sanda. Inakatwa vipande, haishonwi, haipindwi. Inauzwa pamoja na kafuri na udi, na ukiingia pale unaambiwa pole kabla hujaambiwa karibu.

Mwenye duka alipoona mtu wa hospitali anataka bafta ya wodi nzima, alitikisa kichwa, akashusha bei bila kuombwa. Alidhani hospitali inasitiri maiti wasio na jamaa, naye akatafuta thawabu zake. Akaongeza na pakiti za kafuri bure. Mutiso alifurahi sana. Alizipanga kafuri kati ya vitambaa ili kufukuza mende. Bei ile, nasema mpaka leo, hata mimi nisingeipata. Ndiyo maana nawaambia, bei ikishuka yenyewe, ulizeni nani kafa.

Fundi wa kupinda hakutafutwa, muda haukuwapo. Vitambaa vikakatwa kwa urefu wa mtu. Baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wamelala, manesi wanafunzi, watoto wazuri wa bara na adabu zao, wakapita kitanda hadi kitanda wakiwafunika. Na kwa sababu ya nzi, wakawafunika mpaka kichwani.

Mzee Twaha aliamshwa na adhana ya alasiri. Akafungua macho akaona weupe. Akavuta pumzi akanusa kafuri. Akapapasa ukingo wa kitambaa kwa kidole cha fundi, haukupindwa. Mwenyewe alisema alibaki akingoja kuulizwa maswali ya kaburini. Kisha kitandani jirani mtu akakohoa, naye akatambua kikohozi kile.

“Hamisi,” akaita chini ya bafta, “na wewe?”

“Na mimi nini?” Hamisi akajibu, akajifunua, akaona wodi nzima imelala nyeupe. Alitoka kwa dirisha. Wodi haina ghorofa, namshukuru Mungu.

Wakati huo huo mlango wa wageni ukafunguliwa. Wanawake waliokuja na vikapu vya machungwa na mikate ya sinia wakatazama safu zote mbili. Kilio kilichotoka pale kilisikika sokoni. Watu wakaanza kuja hospitalini kutoa rambirambi, wengine wakiuliza ni gari lipi limepinduka.

Niliporudi na magodoro yangu nilimkuta Bwana Mutiso amekaa juu ya ndoo, mkunjo wa suruali umelegea. Wagonjwa kadhaa walikuwa wameondoka. Kufikia kesho yake walikuwa wamerudi, mmoja mmoja, wakichungulia kwanza. Hamisi alirudi na mto wake. Mzee Twaha hakurudi.

“Ameshaniaga,” daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. “Sindano zake zimekatika. Na ana mjukuu mchanga nyumbani.”

Kadzo aliitwa kutoka Kaloleni. Alifika, akaingia stoo, akashika kile kitambaa, akakinusa, akamtazama Mutiso.

“Uliilalia?”

“Nini, Sista?”

“Basi.”

Kamati ya mfuko ilitaka vitambaa virudishwe dukani. Mwenye duka akasema sanda haziregeshwi, na kwa hilo nilimwelewa. Wengine wakasema vigawanywe misikitini. Mimi nikasema vitambaa nitavifikiria baadaye, kwanza mgonjwa. Mtu mmoja Mambrui anakohoa karibu na mtoto, na kila jirani anayepita barazani kwake anasimuliwa kwamba Malindi wanakuvisha kabla hujafa. Watu wakiamini hivyo, nani atapanda kitanda chetu tena?

Tulikwenda watatu, mimi, Kadzo na Mutiso. Mzee Twaha alikuwa nje ya nyumba yake, juu ya kiti cha kamba, amejikunyata. Binti yake Rehema alisimama mlangoni na mtoto begani.

“Shikamoo, baba,” nikasema.

“Marahaba. Mmeleta jeneza?”

Mutiso akasogea mbele. Nitampenda daima kwa kitendo kile, maana hakujificha nyuma yetu.

“Mzee, makosa ni yangu. Mimi niliona tu ni kitambaa safi.”

“Safi sana,” Mzee Twaha akasema. “Ndiyo maana tunazikwa nacho.”

Kadzo akamweleza habari ya sindano, bila kutisha na bila kupamba. Akamwambia kifua kimeanza tu kusikia dawa, na akiacha hapo kitamgeukia vibaya zaidi kuliko mwanzo. Mzee akatazama upande mwingine.

“Nimeshavishwa sanda mara moja, Sista. Sirudi kuvishwa ya pili.”

Tukaondoka mikono mitupu. Lakini Kadzo alipata maneno mawili na Rehema, na kuanzia siku ile mzee alilala chumba cha mbele peke yake, dirisha wazi.

Nilirudi kesho yake, peke yangu. Sikubeba ombi. Nilibeba kipande kimoja cha ile bafta, nimekifua, nimekianika, nimekipinda mwenyewe pande zote kwa mkono. Nikakiweka mapajani pake.

Alikishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya. Kisha jicho la fundi likaamka.

“Nani kapinda hivi?”

“Mimi.”

“Ulikuwa umefumba macho?”

“Baba, sanda ina pindo?”

“Sanda haina pindo. Wala hii haina. Hii ina kovu.”

Akakohoa kwa muda mrefu, akifunika mdomo kwa leso. Nikangoja. Mwenye kununua asimharakishe mwenye kuuza, na siku ile mimi ndiye nilikuwa nanunua.

“Kikipindwa sawasawa,” nikasema, “si shuka?”

“Kikipindwa sawasawa, ndiyo, ni shuka.”

“Basi nitafutie fundi.”

Alijua nimemfikisha wapi. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akanitikisia kidole.

“Nikirudi, naja na cherehani yangu.”

“Karibu nayo.”

“Vitambaa vyote vichemshwe. Nikinusa kafuri hata kidogo, naondoka kwa mlango, si kwa dirisha kama Hamisi.”

“Kadzo ataona vimechemshwa kabla na baada.”

“Uzi mwekundu. Mtu akifumbua jicho aone uzi mwekundu, ajue bado yuko duniani.”

“Uzi mwekundu ni ghali kuliko mweupe.”

“Binti, wewe unataka mgonjwa au unataka uzi?”

“Mwekundu,” nikasema.

“Na kahawa chungu kila alasiri, na kipande cha haluwa.”

“Kahawa sawa. Haluwa hapana.”

“Haluwa mara moja moja.”

“Ijumaa.”

“Ijumaa. Na ujira?”

Nikamweleza kwamba mfuko haulipi mgonjwa kwa kazi, watu watasema tunawalaza wazee ili tuwatumikishe. Alifikiri. Alitazama kile kipande mapajani, akakigeuza upande huu na huu.

“Basi nitengee bafta ya kunitosha, isiyopindwa. Siku ikifika watoto wangu wasihangaike. Ukanitunzie wewe.”

Nikafungua mdomo kumpunguzia. Najua mtacheka, lakini mazoea ni mazoea.

“Mishi,” akasema, “utabishania sanda?”

Nikafunga mdomo. Alirudi wodini siku iliyofuata, cherehani mbele yake, Rehema nyuma na mfuko wa nguo. Daktari alimpokea langoni mwenyewe, akasahau kuvua koti la maabara, na wagonjwa wakamwonya asikaribie na weupe wake.

Kadzo alimpangia mahali barazani, penye upepo, mbali na vitanda vya wengine. Asubuhi sindano, kisha chai, kisha cherehani kwa muda ambao kifua kilimruhusu. Siku za mwanzo alipinda kidogo sana. Kadzo alisimama akisikiliza mashine ikigugumia na kunyamaza, akaniambia anaweza kujua hali ya mapafu kwa mlio wa cherehani. Kadiri majuma yalivyokwenda, mlio ukarefuka. Manesi wanafunzi, wale wale, walikuja mapumzikoni akawafundisha kupinda. Aliwaita “wazishi wangu,” nao wakamwita babu. Mmoja wao alishonewa sare zake zote na Mzee Twaha tangu siku ile mpaka alipohamishwa.

Palikuwa na wiki mbaya. Sindano zilimchosha masikio yakawa yanalia, akafunga cherehani akasema anakwenda kwao. Nikamkumbusha kwamba vitanda vya upande wa kushoto bado havijapindwa, na Hamisi yuko upande wa kushoto.

“Hamisi alale juu ya godoro tupu. Nalo si lako jipya?”

“Nililibishania Mombasa siku nzima. Sitaki lichafuke.”

Daktari alimbadilishia kipimo cha sindano. Mzee akalala siku mbili bila kugusa kitu. Ya tatu nikasikia mashine.

Wafadhili walikuja wakati wao, wakapita wodini, wakasifia yale mapindo mekundu. Bibi mmoja aliuliza kama ni mapambo ya asili ya pwani. Bwana Mutiso, bila kutikisa uso, akajibu kuwa ni utaratibu mpya wa hospitali. Walitupa fedha za jokofu la pili la daktari. Nami nilipeleka uzi mwekundu kwenye matumizi ya kudumu, na mnajua wenyewe kwamba umo mpaka leo. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini.

Alipomaliza sindano aliruhusiwa kwenda na vidonge, na pikipiki ya utafiti ikamfuata Mambrui mpaka kikopo chake kikarudi safi, na kingine, na kingine. Siku ya kutoka alikagua kila kitanda, akavuta kila pindo. Kisha akanikabidhi bafta yake, imekunjwa, haina uzi.

“Amana,” akasema.

Niliiweka rafu ya juu stoo, ndani ya karatasi. Kila mkaguzi aliyekuja aliuliza kitambaa kile ni cha nini, na kila mara nilijibu kwamba ni cha mgonjwa ambaye bado hajakihitaji.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, masika yamekaza, na hakuna kilichokauka kwenye kamba. Wodi ya wazazi ilikuwa imeishiwa mashuka madogo. Watoto walifunikwa leso za mama zao, na leso zenyewe mbichi. Nikiwa nahangaika na hoteli kwa simu, mtu akasimama mlangoni pa stoo akidondosha maji ya mvua.

“Shikamoo, baba. Habari za Mambrui?”

“Rehema amejifungua hapa hapa. Mtoto wa kike, mdogo kama kiganja, wanampigania.” Akafuta uso. “Ile amana yangu ipo?”

Nilimtazama kifua, nilimtazama macho.

“Baba, unaumwa?”

“Lete.”

Nikapanda kwenye kigoda nikaishusha. Aliifungua, akaipima kwa mkono, akatoa mkasi mfukoni, na kabla sijasema neno akaikata. Akaikata tena, vipande vya kitanda cha mtoto. Akaketi barazani pale pale pa zamani, akatia uzi mwekundu kwenye sindano kwa jaribio la kwanza tu, bila miwani, akaanza kupinda kwa mkono, pindo jembamba ambalo mpaka leo sijamwona fundi wa kulifikia.

“Na wewe je?” nikamuuliza.

Akakata uzi kwa meno.

“Duka la bafta halijafungwa. Ila siku hiyo uende kununua wewe, usimtume Mutiso.”

Akanipa kipande cha kwanza. Nikakilaza shavuni, kama Kadzo alivyonifundisha. Kilikuwa kikavu, laini, hakina harufu ya kitu. Nikakipeleka kwa mtoto.